Zulia la Kijani la Bibi Chausiku

Kabla sijaanza nikuambie hivi: hiki si kisa cha kusimuliwa. Kimenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Gwata, kichwa changu kikiwa chini ya dashibodi ya gari. Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi. Wapo walioniambia kuwa ni gundi iliyonilevya. Na mimi nilijiambia hivyohivyo. Kwa kujiambia hivyo nimepoteza kitu ambacho hata nikilia vipi sirudishiwi.

Mimi ni mtu wa kuku na mihogo, lakini maradhi yangu tangu ujana ni magari ya zamani. Nikiona Pijo ya zamani imeegeshwa mahali, nasimama. Mke wangu anasema ningemtazama yeye hivyo tungekuwa na watoto kumi. Tulijaliwa mmoja tu, Mwanahawa.

Mwanahawa aliolewa na kijana mpole wa Mkuza, pale Kibaha mjini. Alipopata mimba, mumewe akapendekeza abaki hukohuko mjini, karibu na hospitali. Nikakataa. Si mkewe, si yeye, ni mimi ndiye niliyekataa. Kwetu mimba ya kwanza binti anarudi kwao, anajifungulia kwa mama yake, analelewa, ananyooshwa mgongo kwa maji ya moto, ndipo anarudishwa kwa mumewe na mtoto wake. Nikamwambia yule kijana, "Unataka watu waseme binti yangu hana kwao?" Akamleta mwenyewe na begi lake, akaniambia, "Baba, nakukabidhi." Nikajibu, "Umekabidhi mikono salama." Maneno hayo nayakumbuka kila siku.

Sasa, kutoka kwangu mpaka kwenye hospitali ya maana si karibu, na barabara yetu mnaijua. Utampakia mjamzito kwenye bodaboda? Ndipo nikasema, hapa nimepata sababu ya kununua gari, na mama Mwanahawa hawezi kunipinga.

Nikasikia kuna Pijo 504 huko Mzenga, upande wa Kisarawe, imelala chini ya mkorosho tangu mwenyewe afariki. Nikaenda. Mwenye nyumba alikuwa mjane, anaitwa Bibi Chausiku, bibi mwembamba, mweusi, macho yake hayatulii usoni pa mtu. Tulikubaliana haraka mno. Nilipokuwa nimeshafunua boneti, nimeinamia injini, akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, gari chukua," akasema. "Ila lina mazulia mawili. La juu alitandika marehemu mume wangu. La chini, lile la kijani, ukilitoa niletee. Usilifue, usilichome, usilitupe. Niletee lilivyo."

"Sawa, bibi," nikajibu, wala sikugeuka. Nilikuwa natazama kabureta. Nikadhani ni mambo ya wazee, labda anataka la kufutia miguu mlangoni. Nilishindwa nini kumuuliza kwa nini? Ulimi ulikuwa unauma?

Fundi wa Mlandizi aliifufua injini, gari likaja Gwata kwa miguu yake. Mwili ulikuwa mzima, taa nzima, ila ndani palinuka vumbi na mavi ya panya, na zulia lilikuwa limeoza. Nikasema kazi ya ndani nafanya mwenyewe. Mimi simpi fundi gari langu anitobolee tobolee. Nikanunua zulia la kukata, jeusi, zito, lile la maofisini, na makopo mawili ya gundi ya viatu.

Kama hujawahi, nikuambie ilivyo. Kwanza unatoa viti vyote, mbele na nyuma. Boliti zilikuwa zimeshika kutu, nikazimwagia mafuta ya breki zikalala nayo usiku kucha. Kisha unatoa vile vibati vya mlangoni na mikanda. Zulia la zamani hulichani, unalibandua polepole litoke zima, kwa sababu ndilo kipimo chako. Unalilaza juu ya zulia jipya, unalizungushia chaki, unakata. Ukikosea hapo, zulia halitakaa, litajikunja kwenye nundu ya katikati, na kila atakayepanda atakuona mshamba.

Lile la juu lilikatwa ovyo, vipande vipande. Halikufaa kwa kipimo. Nikalitoa, na chini yake nikalikuta la kijani. Ndugu yangu, lilikuwa limelala kwenye sakafu vizuri, kila kona imekaa pake, kazi ya kiwandani. Lilikuwa zima, isipokuwa nyuma, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeusi kubwa kama sinia, pamekauka pamekuwa pagumu. Nikapagusa na bisibisi. Nikadhani oili.

Nikalitoa, nikapima, nikakata jeusi. Halafu ujanja ukaniingia. Nikasema, hili la kijani nikilirudisha chini na kutandika jipya juu yake, sakafu itakuwa laini, joto la ekzosi halitapanda, na kelele zitapungua. Kwa nini ninunue sponji ya kuweka chini wakati hili lipo? Na Bibi Chausiku nitamwambia lilichanika. Ndivyo nilivyofanya. Nililirudisha zulia la kijani mahali pake, nikapaka gundi, nikalifunika.

Nilianzia nyuma. Siku ya pili nikawa mbele, chini ya dashibodi, natoboa matundu ya boliti kwa msumari wa moto. Ilikuwa kama saa saba mchana. Mama Mwanahawa alikuwa kisimani, Mwanahawa amelala ndani kwa joto na tumbo lake la miezi minane. Mimi nimelala kifudifudi ndani ya gari, miguu iko nje, kichwa kimebanwa kule kwenye pedali. Jua la utosi, hata kuku wamejificha.

Nikasikia, "Hodi."

Sauti ya mwanamke. Nikajibu, "Karibu," huku nabana msumari kwa koleo.

"Hodi."

"Karibu, mwenyewe yuko kisimani, kaa hapo barazani."

"Hodi hapa."

Sasa mimi nina hasira za karibu. Nikapiga kelele, "Si nimeshasema karibu! Ingia ukae!"

Gari likainama. Niamini, likainama nyuma kama linavyoinama mtu mzima akipanda, na springi zikalia. Nikasema moyoni, huyu jirani gani hana adabu, anapanda gari la mtu lenye gundi mbichi? Nikageuza shingo nitazame nyuma. Viti vya mbele havikuwepo, kwa hiyo niliona moja kwa moja mpaka nyuma.

Niliona miguu. Miguu ya mwanamke, mitupu, ina hina iliyofifia kwenye vidole, imekanyaga zulia langu jipya. Kanga imelowa, inadondosha. Magoti yamekunjwa, kama mtu aliyeketi kwenye kiti. Na kiti cha nyuma, ndugu yangu, kilikuwa nje juani, kimeegemea banda la kuku. Alikuwa amekalia nini?

Kuanzia kiunoni kwenda juu sikuona, dashibodi ilinizuia. Na sikutaka kuona.

"Baba," akasema, "tumefika?"

Nilidhani ni Mwanahawa. Nusu ya moyo wangu ilidhani hivyo, maana nani mwingine aniite baba kwa sauti ya kuchoka namna ile? Nikasema, "Mwanahawa, acha utani, shuka, utajipaka gundi."

Nikasikia tu yale matone. Halafu akasema polepole, bila hasira, "Mbona mmenifunika tena?"

Sijui nilitokaje. Nilijigonga kichwa kwenye usukani nikapasuka hapa, kovu hili unaliona. Nilipofika nyuma, hakuna mtu. Mlango wa nyuma umefungwa. Nikakimbilia ndani, nikamkuta Mwanahawa amelala, anakoroma taratibu, miguu yake mikavu haina hina. Nikarudi kwenye gari nikaweka mkono upande ule wa kushoto. Palikuwa pamelowa, na maji yale yalikuwa ya uvuguvugu.

Nilifanya nini? Nilisema ni gundi. Gundi ya viatu inalewesha, kila mtu anajua. Mama Mwanahawa aliporudi akaniuliza nimepata nini kichwani, nikamwambia nimejigonga. Nikamaliza kazi, nikarudisha viti. Na ilikuwa kazi nzuri, astaghafirullah, nasema kweli. Majirani walikuja kutazama. Walikuwa wanainama, wanapapasa zulia, wanasema, "Umelifanya wewe mwenyewe?" Na mimi nacheka.

Siku tatu baadaye nikaenda Mzenga kuchukua kadi ya gari. Bibi Chausiku alikuwa amekaa kwenye kibaraza anachambua kisamvu. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Alitazama mikono yangu, akaona ni mitupu.

"Zulia langu liko wapi?"

"Bado sijalitoa, bibi. Kazi nyingi."

Akaweka ungo chini. Akanieleza, na alieleza kwa utulivu kama anayeeleza habari za shamba. Alikuwa na binti, Pili. Mimba ya kwanza, alikuja kwa mama yake kujifungua. Uchungu ukamshika vibaya, baba yake akamlaza nyuma ya Pijo, upande wa kushoto, wakakimbilia hospitali. "Kila kona anauliza, 'Baba, tumefika?' Baba yake anamjibu, 'Tunakaribia, mama.' Hakufika, yeye wala mtoto."

Akaendelea. "Sisi hapa mzazi akifa hivyo, kila kilichoshika damu yake kinazikwa naye. Kanga, mkeka, hata mchanga unachotwa. Zulia likabaki. Mume wangu gari hilo ndilo lilikuwa linatulisha, akasema aking'oa zulia abiria watauliza. Akatandika jingine juu. Tangu hapo hakuna abiria aliyekaa nyuma kushoto akamaliza safari. Wanaomba kushuka, hawasemi kwa nini. Nimemwambia mume wangu mpaka amekufa. Vijana wa hapa hawataki hata kulisogelea. Wewe umekuja ukasema sawa, nikashukuru Mungu. Shimo nimeshalichimbisha, ubavuni mwa kaburi lake. Liko wazi mpaka leo."

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Sasa bibi, akija akapiga hodi?"

Alisimama. Yule bibi mwembamba alisimama akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. "Umemwitikia? Umemwambia aingie?"

"Hapana, bibi. Nauliza tu."

Uongo wa pili ule, siku moja, mbele ya mtu mzima. Akaniachia. Akasema, "Nyumbani kwako kuna mjamzito?"

Nikasema hakuna. Huo wa tatu.

"Niletee kesho," akasema.

Nilirudi nikiwa nimeamua. Wallahi nilikuwa nimeamua. Asubuhi nikashika kisu, nikafungua mlango wa nyuma, nikapiga magoti. Gundi ilikuwa imekauka, imeshika kabisa. Ili nilitoe la kijani ilibidi nilichane jeusi lote, kazi ya siku nne, na nusu ya watu wa kijiji wameshaisifia. Nikapapasa lile zulia. Nikasema, Mwanahawa bado ana wiki nne, tano. Ngoja ajifungue kwanza kwa usalama, hospitali atakwenda kwa gari zuri, nikimrudisha ndiyo nalichana. Nikafunga mlango. Unaniona mjinga? Sema tu, sitachukia. Lakini jiulize na wewe, ni mara ngapi umeahirisha jambo kwa sababu ya kazi ya mikono yako?

Mwanahawa hakungoja wiki nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, chupa ya uzazi ilivunjika. Mama yake akapiga kelele. Tukambeba, tukamlaza kiti cha nyuma. Nikasema, "Kichwa weka kulia, miguu kushoto," nikajiona nimefanya la maana. Mama yake alitaka kukaa naye, hapakutosha, akakaa mbele na mimi. Nikaondoa gari.

Tulikwenda vizuri kama dakika ishirini. Kisha Mwanahawa akasema, "Mama, mwambie huyu dada asogee kidogo. Ananibana miguu."

Mke wangu akageuka. "Dada gani, mwanangu?"

"Huyu hapa. Amelowa, anasikia baridi."

"Ni uchungu, mwanangu, unaona vitu. Sema bismillah."

Mimi nikakanyaga mafuta. Nikasema moyoni, nifike tu, nifike tu.

Mwanahawa akasema tena, na sasa alikuwa analia. "Baba. Anakuuliza wewe. Anasema, Baba, tumefika?"

Maneno hayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani.

Nikasimamisha gari katikati ya barabara. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikamshika mwanangu kwapani nikamvuta nje. Mke wangu alikuwa ananipiga mgongoni, "Unafanya nini wewe, una wazimu?" Mwanahawa alikuwa mzito kuliko alivyo. Nakuambia kweli, kuna kitu kilikuwa kimemshika miguu upande ule, na nilivuta kama ninavyovuta ndoo iliyonasa kisimani. Alipotoka, alitoka ghafla, tukaanguka wote wawili kwenye vumbi.

Wanawake waliokuwa wanalima jirani na barabara walikuja mbio. Wakazungushia kanga, wakanifukuza. Nikasimama upande wa pili wa gari, natazama mihogo ya watu. Nilisikia mama Mwanahawa akisema sukuma, mama, sukuma. Nilisikia Mwanahawa akipiga kelele mara moja, kubwa. Kisha nikangoja sauti ya pili, ile ndogo.

Haikuja.

Alikuwa mvulana. Mzima kwa kumtazama, nywele zimejaa, vidole vyote. Mama mmoja alimpiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akamkanda na maji. Hakulia. Lilipita gari jingine, likamchukua Mwanahawa na mama yake mpaka hospitali, na huko madaktari walimwokoa mwanangu. Nashukuru kwa hilo. Mtoto tulimzika Gwata siku ileile alasiri.

Kesho yake nikachana. Sikutumia akili wala kipimo, nilichana jeusi kwa panga, nikang'oa la kijani lote na gundi yake, nikalifunga kwa kamba, nikapanda bodaboda mpaka Mzenga. Bibi Chausiku hakunigombeza. Aliponiona tu alijua. Alilipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia, akaenda nalo makaburini bila kunikaribisha. Nikabaki kwenye kibaraza chake mpaka jua likakaribia kuzama, sikujua nikae au niondoke.

Nilipokwenda hospitali, Mwanahawa alikuwa ameegemea mito. Mume wake amekaa pembeni, ameshika kichwa. Mama yake yuko dirishani. Mwanahawa alinitazama muda mrefu.

"Baba," akasema, "yule dada ulikuwa unamjua?"

Ningeweza kusema uongo wa nne. Nilichoka. Nikasema ndiyo. Nikawaeleza yote, la kijani, hodi, shimo lililokuwa linangoja, kisu nilichokishika nikakirudisha. Yule kijana mpole alisimama, akatoka nje. Mwanahawa alijifunika shuka mpaka kichwani.

Gari liko mpaka leo nyuma ya banda, sakafu ni bati tupu. Limekuja kutazamwa na watu watatu, nawaeleza ukweli wote, wanaondoka. Hawataki hata kulisukuma. Mke wangu tunaishi naye vizuri, ananipikia, ananijibu nikimuuliza. Ila hanitanii tena.

Kwa hiyo wewe unayepita huko Mzenga, Maneromango, Mlandizi, unatafuta gari la zamani ulifufue kwa mikono yako, sikukatazi. Lakini usitazame injini peke yake. Funua sakafu mbele ya mwenye gari, umuulize kila doa ni la nini, na akikuambia kuna kitu chake anakitaka, mpe kabla hujawasha gari. Na ukiwa umeinama unafanya kazi, mtu akipiga hodi, toka kwanza umwone uso. Nimeshakuambia. Usije ukasema hukuambiwa.

Mwanahawa ana mimba nyingine sasa, mwezi wa saba. Nilimpigia simu mumewe, nikasema nitakuja kumsalimu. Akasema atamuuliza. Jioni ikaja sauti ya Mwanahawa mwenyewe kwenye simu ya mama yake, nikaisikia kutoka barazani: mama aje Mkuza akae mpaka atakapojifungua, baba abaki.

Mama yake ameondoka juzi. Mimi nimebaki.